Mke wa Kadi

Vijana hunijia na simu zao wakitaka niwaambie habari za Nakuru ya zamani. Wananikalisha nje ya nyumba yangu, nyumba niliyoijenga mwenyewe jiwe kwa jiwe, halafu wananiuliza, "Mzee, ati zamani maisha ilikuwa rahisi, si ndiyo?" Sijui nani anawafundisha hayo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hata mtu wa darasa la pili anajua kwamba ukisikia mtu anasema ujana wake ulikuwa rahisi, ama amesahau ama anakudanganya. Mimi sijasahau. Nitawaambia habari ya chumba kimoja tu, futi kumi kwa kumi, na mtaona urahisi wake.

Wakati huo, miaka ya hamsini, Mwafrika hakuishi mahali anapotaka. Aliishi lokesheni, chini ya reli, upande ule upepo wa ziwani unapopiga. Ziwa likikauka, upepo ulileta vumbi jeupe la magadi, linaingia kwa unga, linaingia kwa chai, linaingia kwa macho. Kuosha shati ilikuwa kazi ya bure. Nyumba zilikuwa safu ndefu za vyumba vilivyobanana, tukiziita landi, na kila chumba kililala wanaume wanne. Mimi nilikuwa na mtu wa reli, na mpishi wa hoteli, na mwingine aliyeuza nguo kuukuu. Kila mtu na pembe yake. Pembe yangu ilikuwa ile ya mlangoni, kwa sababu nilikuja mwisho. Mtu akitoka ananikanyaga, akirudi ananikanyaga tena, na hakuna aliyewahi kusema samahani.

Nilikuwa fundi wa mawe. Nasema fundi, si kibarua. Niliingia machimboni nikibeba maji, na baada ya miaka mitatu nilikuwa nachonga jiwe ambalo hata ukilipimia kamba huoni kasoro. Wakati ofisi ya lokesheni ilipoamua kujenga nyumba za wenye familia, mlango mmoja kwa mtu mmoja na mkewe na watoto wao, mawe ya safu mbili za kwanza niliyachonga mimi. Mikono hii. Halafu nyumba zikaisha, nikaambiwa nikapange foleni kama mtu yeyote, niombe niruhusiwe kuingia ndani ya mawe yangu mwenyewe. Hata leo nikikumbuka, kichwa kinaniuma.

Sharti lilikuwa moja. Mwanamume anakuja ofisini siku ya Alhamisi, pamoja na mkewe, mke mwenyewe kwa macho. Karani anaandika jina la mume, anaandika jina la mke, kila mmoja anabonyeza kidole gumba kwa wino. Hiyo ndiyo kadi. Nakala yake inatundikwa nyuma ya mlango wa chumba, na askari wa lokesheni anapita mara moja kwa mwezi kuona kama waliomo ndani ndio walio kwenye kadi. Mgeni alikubaliwa siku saba. Ya nane, toka.

Mke nilikuwa naye. Nilimwoa kwa haki, na wazee wakala wakashiba. Lakini alikuwa shambani kwa mzungu huko juu ya Molo, pamoja na wazazi wake na binti yetu mdogo, akichuma pareto. Mzungu wa shamba akasema haondoki mtu mpaka maua yaishe. Na ilikuwa wakati wa hali ya hatari, hakuna aliyesafiri bila karatasi, na karatasi ilikuwa iandikwe na mzungu yule yule. Nikamwendea karani nikamweleza.

"Bwana karani," nikasema, "mke wangu atafika baada ya mwezi mmoja. Niwekee chumba."

"Niweke chumba kwenye mfuko?" akaniuliza. Alikuwa kijana kuliko mimi, suruali imepigwa pasi hadi inakata. "Orodha inafungwa Alhamisi. Nyuma yako wako watu arobaini wenye wake."

"Mimi pia nina mke."

"Yuko wapi?"

"Nimekuambia, Molo."

"Basi mkapewe nyumba huko huko Molo."

Waliokuwa foleni wakacheka. Nikatoka pale nikitaka kuvunja kitu.

Sasa, kila mtu lokesheni alijua dawa ya jambo hili. Kama mke yuko mbali, unaazima. Unamchukua shemeji, binamu, mke wa rafiki, anasimama na wewe mbele ya karani, anabonyeza kidole, anakwenda zake, na mkeo akifika anaingia ndani. Tulimwita mke wa ofisini. Hata karani alijua. Wanawake wengine aliwaona wakiolewa mara tatu kwa mwaka na hakuinua kichwa. Alitaka kadi zijae tu, mzungu wake aone kazi inafanyika.

Mimi sikuwa na shemeji mjini. Nilimwendea mama mmoja aliyeuza uji karibu na geti, ambaye mafundi wote tulikunywa uji wake kila asubuhi. Mwanamke wa makamo, mjane, mdomo wake mkali kama patasi. Yeye mwenyewe hakuwa na chumba, kwa sababu ofisi haikumwandikia mwanamke peke yake. Alijibanza jikoni kwa jamaa yake.

"Nataka unisimamie Alhamisi," nikamwambia.

Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Mimi nikuoe wewe?"

"Ofisini tu, mama."

"Hata ofisini, macho yangu hayana haki?" Wenzangu wakaanza kupiga makofi. "Utanipa nini?"

Nikamwambia nitamjengea meko ya mawe na benchi la wateja wake, kwa mawe yaliyokataliwa. Akafikiri, akakoroga sufuria, akasema, "Benchi liwe refu. Siolewi kwa benchi fupi."

Hapo ndipo penye kosa langu, na sitaficha, maana nimekasirikia watu wengi katika habari hii na ni haki nijiweke kwenye foleni. Wenye akili walikubaliana mapema na mke wa ofisini ataje jina gani. Akiulizwa, anataja jina la mke wa kweli. Jambo dogo hilo, linasemwa njiani. Mimi njia nzima ile Alhamisi nilikuwa namweleza mama wa uji namna ya kuchonga jiwe la pembe. Nilijisifu mpaka mlangoni. Karani akauliza, "Jina la mke?" na mama wa watu, aliyezoea kujibu anachoulizwa, akataja jina lake mwenyewe, la baba yake, na la mahali alipozaliwa. Kidole kikabonyezwa. Nilisimama pale kama nguzo ya stima.

Nje akaniambia, "Mbona umenyamaza hivyo? Umenipenda?"

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mke wangu alipofika, wiki tano baadaye, na mzigo kichwani na mtoto mgongoni na kuku mmoja aliyefungwa miguu, sikumwambia. Nilimfungulia mlango. Nikamwonyesha ukuta, nikamwambia lile jiwe na lile na lile ni langu. Alipitisha mkono ukutani akacheka, mwanamke ambaye hacheki ovyo. Alifagia lile vumbi, likarudi, akalifagia tena. Mtoto alilala kitandani, na hakuna mtu aliyemkanyaga. Sasa katika hali hiyo unaanzaje kumwambia mkeo kwamba kadi iliyotundikwa nyuma ya mlango ina jina la muuza uji? Hakujua kusoma. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho.

Siku ya nne askari akaja na daftari lake. Mimi nilikuwa ndani nafunga viatu. Akasimama mlangoni akaita jina la mama wa uji kwa sauti ya kuita punda.

"Huyo ni nani?" mke wangu akauliza.

"Ni wewe," askari akasema.

"Mimi? Mimi siitwi hivyo. Hakuna mtu kwetu anaitwa hivyo."

Askari akaangalia daftari, akaangalia kadi, akaniangalia mimi. Mke wangu naye akaniangalia. Kati ya wale wawili, afadhali askari.

"Mke wa mwenye chumba ndiye huyu nimemwita," askari akasema. "Kama wewe si yeye, wewe ni mgeni. Siku saba."

Akaandika kitu, akaenda mlango wa pili. Mke wangu akavuta kibao akakaa.

"Umeoa mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja."

"Basi huyo ni nani nyuma ya mlango wangu?"

Nikamweleza yote, Alhamisi, benchi, yote. Nilipomaliza akasema, "Kama ungeniambia siku ile nilipofika, leo ningemwitikia askari kwa jina lolote, hata la mwanamume. Neno moja tu. Lakini wewe ulikuwa unanionyesha mawe." Halafu akaanza kufunga mzigo wake. Hakuondoka, aliufunga akauweka karibu na mlango, tayari. Kila mara nikitaka kupita niliuruka.

Nilikwenda kwa karani siku hiyo hiyo. Nikamwambia kumetokea makosa ya jina.

"Makosa ya nani?"

"Ya jina."

"Jina halikosei. Mimi niliuliza, mwanamke akajibu, kidole hiki hapa." Akanigeuzia kadi nione. "Ofisi hii inabadilisha mke kwa mambo mawili. Amekufa, au ameachwa. Akifa lete karatasi ya hospitali. Akiachwa lete barua ya baraza la wazee."

Na huyu karani, ninyi mnaonisikiliza, alikuwa anakunywa uji wa mama yule kila siku saa nne! Alimjua kuliko mimi! Nikamwambia hivyo. Akakohoa, akaniambia maneno hayo nikiyarudia kwa mzungu, chumba kitakwenda na mimi nitakwenda.

Nikaenda kwa mama wa uji. Mke wangu akaja na mimi. Hakutaka tena nizungumze mambo yake peke yangu. Wale wanawake wawili wakaangaliana juu ya sufuria.

"Kumbe ndiye wewe," mke wangu akasema.

"Ndiye mimi. Karibu, mke mwenzangu, kunywa uji. Wa kwako bure."

Sikupenda walivyocheka. Nikasema, "Mama, karani anataka ama ufe ama nikuache."

"Kufa siwezi. Nani atauza uji kesho? Niache tu, nimezoea."

Basi tukaenda kwenye baraza, Jumamosi, kibarazani kwa holi la lokesheni. Wazee watano juu ya viti, watu chini. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa mvi aliyewahi kupikia mabwana wakubwa, mtaratibu, mkali. Nikaeleza kwamba nataka kumwacha mke wangu huyu, yaani mama wa uji, kwa kuwa hatupatani. Mke wangu wa kweli alikaa nyuma na mtoto, kama shangazi aliyekuja kutazama.

"Mama," mwenyekiti akamwuliza mama wa uji, "nawe unasemaje juu ya bwana huyu?"

Nilitegemea aseme maneno mawili amalize. Akasimama, akafunga leso yake vizuri kiunoni.

"Wazee, nimechoka. Huyu mtu habari yake ni mawe. Ukimpikia, hasemi asante, anasema jiwe lililomponyoka kazini. Akitoka hasemi anakwenda wapi. Akikosea hakubali, anapiga mbinja. Mnajua mtu akipiga mbinja ndani ya nyumba usiku wa manane? Hata paka akahama."

Watu wakaangua kicheko. Mama huyu hakuwahi kula kwangu, hakuwahi kuingia chumbani kwangu. Habari ya mbinja, na ya paka, aliipata wapi? Nikageuka. Mke wangu alikuwa anaangalia paa la holi, mtulivu, kama anahesabu mabati.

"Anakupiga?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Analeta chakula?"

"Analeta."

"Ana mwanamke mwingine?"

Mama wa uji akasita, akaniangalia kwa huruma. "Huyu? Mwingine ataokotwa wapi?"

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mwenyekiti akasafisha koo. "Hatuoni sababu. Haya ni makosa ya wanaume wote. Tukiachanisha kwa mbinja, lokesheni itabaki tupu. Tunasema hivi: bwana, mwombe mkeo msamaha hapa mbele yetu. Halafu mrudi nyumbani pamoja, mkae miezi mitatu, mkishindwa mje."

Hebu fikirini. Nimekwenda kumwacha mwanamke ambaye sikumwoa, nimerudishiwa. Nimeambiwa nimwombe msamaha. Na zimebaki siku mbili mke wangu atolewe. Nikaanza kusema kwa hasira, sijui hata nilisema nini, mpaka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wazee, mke ni mimi." Alikuwa amesimama, mtoto kwenye nyonga. "Huyu mama alikopeshwa ofisini kwa benchi. Mimi ndiye niliyeolewa, na nina miaka minne nikisikia hiyo mbinja kila akija Molo. Nataka jina langu kwenye mlango wangu."

Nilidhani tutafungwa sote. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama, keti," akasema polepole. "Umesema, tumesikia. Sasa hatujasikia. Nikiandika hayo, kesho askari watapita mlango kwa mlango na wino, kila mwanamke atoe kidole. Unajua watatoka watu wangapi hapa?" Akaangalia wenzake. Wawili wakaangalia viatu vyao. "Na mimi mwenyewe," akasema, "nitaulizwa."

Ndipo mmoja wa wazee, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akapata wazo. Akasema wanawake hubadilisha majina. Wengine wakibatizwa, wengine wakizaa, wengine kwa desturi ya kwao. Baraza linaweza kuandika barua kwamba mke wa mwenye chumba, aliyeandikwa kwa jina hili, siku hizi anaitwa jina hili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeachwa.

"Kwa hiyo mimi ni yeye?" mke wangu akauliza.

"Kwa karatasi."

"Na mimi je?" mama wa uji akauliza. "Mimi ni nani sasa?"

Mzee wa miwani akafikiri. "Wewe ni muuza uji. Hiyo haina karatasi."

Mama wa uji akacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Akaokota kikapu chake. "Haya. Nimeachika bila kuolewa. Jioni njema, wazee."

Barua nikapewa, muhuri chini. Mimi nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Mke wangu hakufurahi. Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya saba, aliamka akanawa, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ule mzigo wake.

"Wa nini?" nikauliza. "Barua ninayo."

"Barua inasema mimi ni mke wako baada ya kuwa mtu mwingine. Njia ya ofisi na njia ya stesheni ni moja mpaka kwa mama wa uji. Tukifika hapo nitajua."

Nikamfuata nyuma. Sikupiga mbinja. Nilitaka kumwambia habari ya pembe ya mlangoni, miaka mitatu nikikanyagwa, na kwamba chumba kile nilikitafuta kwa ajili yake, lakini mtu aliyekaa juma zima bila kusema neno moja la maana hawezi kuanza hotuba barabarani. Nilichosema ni hiki: "Nilipaswa kukuambia siku ile ulipofika." Hakugeuka.

Kwa mama wa uji akasimama. Akaweka mzigo juu ya lile benchi nililomjengea mama, akanywa kikombe kizima, polepole, na wale wawili wakazungumza kwa sauti ya chini. Gari moshi la Molo lilikuwa limekwisha piga honi huko juu. Mimi nilisimama kando na barua mkononi kama mtu anayeuza gazeti. Halafu akarudisha kikombe, akaacha mzigo palepale kwenye benchi, akashika njia ya ofisini.

Karani akasoma barua. Akaisoma tena. "Jina jipya la mke?" akauliza.

Mke wangu akalitaja, lake, la baba yake, na la shamba alikozaliwa, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni nje. Akabonyeza kidole chake chini ya kile cha kwanza. Vidole viwili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, hata mtoto angeona si vya mtu mmoja. Karani aliviangalia, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

"Kitambaa cha kufutia?" mke wangu akamwuliza.

"Hakuna."

Akanigeukia. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe, la pekee, nililoficha vumbi lisilione. Akaweka kidole gumba kifuani pangu, akafuta, taratibu, mpaka ukabaki weupe wa ukucha. Foleni yote inatazama. Mimi nilisimama nikatulia, akamaliza, kisha akaniambia nikambebee mzigo wake.